Nyumba haijawahi kuwa ya mwanamume, sasa kaka zangu wanaiuza

*Shangazi, shikamoo. Naishi Lamu, kwenye nyumba ya mawe ya mji wa kale. Nyanya aliipata kwa mamake alipoolewa, naye akampa mamangu alipoolewa. Mimi nilipoolewa, mama alinipa ghorofa ya juu, yeye akabaki chini hadi alipofariki mwaka jana. Akiwa mgonjwa kitandani aliniambia, "Hii yote ni yako." Baba alitangulia zamani. Sasa kaka zangu wawili walioko Mombasa wamepata mnunuzi mzungu. Nimewaambia nyumba hii ni ya wanawake, na nimebadilisha kufuli ya mlango wa chini. Nifanyeje wasiiuze?*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa na mama.

Usemayo kuhusu wanawake na nyumba ni kweli. Kwenu Lamu mzazi mwenye uwezo alimpa bintiye nyumba, au alimjengea juu ya yake, na bwana harusi ndiye aliyehamia. Ndiyo sababu ya zile wikio mnazopita chini yake kila siku, vyumba vilivyovuka kichochoro kuunganisha nyumba mbili za jamaa. Talaka ikitoka, anayebeba sanduku ni mume.

Lakini hapo ndipo hoja yako inapokugeuka. Nyanya alipompa mamako, nyumba ikawa ya mamako, si ya "wanawake". Mama amefariki, kwa hiyo kilichokuwa chake ni mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu, kila mwana wa kiume ana mafungu mawili, wewe una moja. Historia unayowasomea kaka zako ndiyo inayowapa mafungu manne kati ya matano!

Kinachoweza kugeuza mambo ni wakfu. Ikiwa mmoja wa bibi zako wa zamani aliifunga nyumba kwa mabinti na vizazi vyao, basi haiuzwi, awe mnunuzi nani. Pekua makaratasi ya mama kabla ya jambo lingine lolote, na ukikuta waraka wa herufi za Kiarabu usiutupe kwa kuwa huwezi kuusoma.

Maneno ya kitandani yaache. Zawadi ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia, na mrithi hapati kwa wasia mpaka warithi wenzake waridhie. Kaka zako tayari wanahesabu pesa, hao wataridhia?

Ghorofa ya juu ni habari nyingine, na ajabu ni kwamba wewe umeitaja kwa mstari mmoja tu. Hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai, inataka mtoaji atamke, mpewa akubali, na kitu kikabidhiwe. Mama alitamka mbele ya nani? Ulihamia lini na kitanda chako? Boriti za dari zilipoliwa na mchwa, nani alinunua nyingine, nani alimlipa fundi chokaa? Mtafute somo wako, yule mama aliyekufunda ulipoolewa, na wazee waliokuwa harusini, uende nao kwa Kadhi wangali wanakumbuka. Usiwafundishe la kusema. Huenda Kadhi akakubali kwamba juu ni kwako na chini ni kwenu watatu. Huenda asikubali, lakini hiyo ndiyo kesi uliyo nayo.

Kuhusu huyo mzungu, fungu lako hawawezi kumuuzia bila wewe. Tena kwa Katiba ya 2010 asiye raia hamiliki ardhi Kenya moja kwa moja, hupata ukodishaji usiozidi miaka 99. Na mji wenu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo hawezi kuja kubomoa zidaka za nyanya, vile vishubaka vya ukutani, ili apate sebule pana. Ikiwa nyumba ameipenda kweli, mpangisheni chini kwa miaka kadhaa, aitengeneze kwa chokaa, kodi igawanywe. Nadhani kaka zako wanataka pesa zaidi ya wanavyotaka kuuza. Hukuniambia nani alilipia matibabu ya mama. Kama ni wao, anza mazungumzo kwa kuwashukuru.

Waite nyumbani, waketi nawe dakani, pale barazani mlangoni, kama alivyokuwa akiwakalisha mama, uwape kahawa. Na hiyo kufuli, mwanangu, itoe kabla hawajashuka botini.