Kabla hujaandika "akajisalimisha"

Ndugu, futa hiyo aya leo. Unaomba orodha ya tafsida, yaani maneno ya kusitiri, za kuandikia mahaba kwenye riwaya yako, na kipande ulichobandika tayari kina "bahari ya huba", "tunda la bustani" na "akajisalimisha", vyote ndani ya sentensi tatu. Tumbo limenikata. Mimi niliandika hivyohivyo, na nakala 300 nililipia mwenyewe.

Aliyenihariria alipokea hela yangu akaniambia, "Mswahili hasemi wazi, funika." Nikafunika. Zuhura wangu anaingia kwa mpangaji mwenzake kuazima pasi. Nikaandika: "Dhoruba ikavuma, jahazi likatia nanga, Zuhura akajisalimisha." Nikajiona malenga! Kichwani mwangu Zuhura alitaka, alimpenda yule kijana tangu sura ya kwanza. Kitabu kikatoka. Dada mmoja akanipigia simu, sauti inamtetemeka: "Yule kijana si alimbaka? Mbona asubuhi anampikia chai?" Nikakosa jibu. Nilirudi kwenye ukurasa ule kutafuta neno moja tu la Zuhura mwenyewe, sikuliona. Dhoruba imefanya, jahazi limefanya, nanga imefanya. Zuhura hajafanya kitu. Nakala zilizobaki sikuziuza tena.

Na yule mhariri alinipotosha kabisa. Mswahili hufumba, ndiyo, lakini fumbo lina mwenyewe na lina mlengwa. Mtu hununua kanga kwa jina la kanga, ule msemo ulioandikwa juu yake, ili fulani alisome. Ukumbini kwenye taarabu, anayeinuka kutuza ubeti anajua ubeti ule unamfikia nani. Fumbo langu halikuwa na msemaji wala msemwa.

Kwa hiyo tafsida itoke kinywani mwa mhusika, basi. Zuhura ni msusi wa Tandale, chombo anachopanda ni daladala, jahazi kalitoa wapi? Leo ningeandika hivi: anachomoa waya wa pasi ukutani, anaiweka chini, anasema, "Funga mlango, mama mwenye nyumba hajalala." Kijana anauliza, "Una hakika?" "Nisingekuwa na hakika ningeshachukua pasi nikaondoka." Taa inazimwa. Hakuna kiungo cha mwili kilichotajwa, mama yako akisoma huoni haya, na kila msomaji amejua nani alitaka nini.

Anza na "akajisalimisha". Huyo binti wako mwache aseme mwenyewe, kisha ubandike upya hapa, nitasoma usiku huuhuu.