Wazee wetu na safari ya kutoka Likoni hadi kliniki

Mwenzetu aliyeanzisha mada hii ameuliza: ikiwa Kaunti ya Mombasa ina fedha za kufanya jambo moja tu kwa ajili ya wazee, ijenge makao ya kuwatunza au iwaongezee posho? Nimemtunza mama yangu kwa miaka 6 sasa. Ana umri wa miaka 76, anaishi Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na ana presha na sukari. Kwa niliyoyaona, ningeanza na jambo jingine, nalo ni kumpunguzia mzee safari. Mengi aliyoahidiwa yapo, ila yamewekwa mahali asipofika bila kuchoka, na siku nyingine hafiki kabisa.

Nitaeleza siku moja ya kliniki. Mama anatibiwa katika kituo kimoja cha afya kisiwani, kwa hiyo hutoka nyumbani mara tu baada ya sala ya alfajiri ili tuwahi foleni. Kuvuka kwa miguu pale Likoni ni bure, na mara nyingi wafanyakazi wa feri, wakimwona na mkongojo wake, humtanguliza kabla umati haujafunguliwa. Taabu iko kwenye mteremko. Maji yakijaa, hatua za kushuka huwa chache. Yakipwa, njia ya saruji hurefuka, na kipande cha chini huwa bado kimelowa na kina utelezi. Mama ni binti wa mvuvi, naye hakubali tarehe ya miadi kwa kutazama kalenda ya ukutani, bali huhesabu mwezi. Tarehe ikiangukia bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, anajua kwamba mnamo saa nne asubuhi, wakati tunaporudi, maji yatakuwa yamepwa sana, na kwamba atateremka upande wa kisiwani kisha apande upande wa Likoni juani. Mara mbili amekataa kwenda kwa sababu hiyo. Kwenye faili lake ameandikwa kuwa ni mgonjwa asiyefuata matibabu.

Na huko anakwenda kufanya nini? Anapimwa presha, anadungwa kidole kwa ajili ya sukari, anapewa vidonge vya mwezi mmoja, basi. Vipimo hivyo hivyo humfikia mlangoni. Tangu mwaka 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na mmoja wao ni binti wa mtaa wetu ambaye hubisha hodi, akampa Mama shikamoo yake, akaketi naye mkekani na kumpima huku wakizungumza habari za majirani. Presha ya Mama mkekani huwa chini kuliko ile ya kliniki, jambo lisilomshangaza yeyote aliyepanda ule mteremko. Hata hivyo, nilipopeleka namba hizo kisiwani nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba hazitambuliwi, lazima apimwe upya. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kwa hiyo uamuzi wa kuzitambua namba za mhudumu, na wa kumwachia mzee mwenye hali tulivu dawa za miezi mitatu kwenye zahanati iliyo karibu naye, unaweza kufanywa hapa hapa Mombasa. Daktari wa kisiwani amwone pale namba zinapoharibika.

Kuhusu posho, Inua Jamii, mpango wa Serikali ya taifa, humpa kila aliyefikisha miaka 70 na kusajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mpango huo umewahusu wazee wote wa umri huo tangu mwaka 2018. Si pesa nyingi, lakini kwa Mama ni unga, mafuta na nauli ya tuktuk. Siku moja tulisimama mbele ya wakala, mashine ikakataa alama ya kidole cha kwanza, ikakataa cha pili, kijana akakifuta kidole gumba kwa kitambaa chenye maji, akasema, “Bi mkubwa, hebu bonyeza tena polepole.” Mashine ikakataa. Mama, ambaye kwa miaka zaidi ya 40 alikuna nazi na kukanda unga wa mahamri ya kuuza, akamjibu, “Mwanangu, alama zangu nimeziacha kwenye mbuzi.” Watu walicheka, naye akacheka, kisha tukarudi nyumbani mikono mitupu. Tulirudi mara tatu. Kuongeza posho bila kuwapo njia nyingine ya kumthibitisha mwenyewe kungemwongezea Mama kiasi cha fedha asizoweza kuzichukua.

Jambo la mwisho linaonekana dogo, nalo ni viti. Waliojenga Mji wa Kale waliweka baraza ya mawe mbele ya nyumba, na marehemu baba yangu, alipokuwa hawezi tena kutembea mfululizo, alikwenda msikitini kwa kuruka kutoka baraza hadi baraza, kikombe cha kahawa hapa, salamu pale. Baraza nyingi zimebomolewa kupisha maduka. Lakini tusizisifu kupita kiasi: zilikuwa za wanaume. Mama hajawahi kukaa barazani penye wanaume wanaocheza bao, na hataanza leo. Bustani ya Mama Ngina ilipokarabatiwa mwaka 2019 ilipata viti vizuri, nasi tumekwenda huko kula mihogo, ila haiko njiani mwake siku ya kliniki. Anachohitaji ni kiti chenye kivuli baada ya kila mwendo mfupi, kati ya feri na kituo cha matatu, na kati ya kituo na mlango wa daktari, pamoja na choo kisafi anachoweza kukifikia; mwenye kisukari ataelewa nasema nini. Msimu wa kaskazi nimemkalisha juu ya kreti ya soda kwa hisani ya muuza duka.

Makao siyapingi. Wapo wazee wasio na mtu, na aibu yetu ya kulikiri hilo haiwalishi. Lakini Kifungu cha 57 cha Katiba kimetaja familia na Serikali pamoja katika kumtunza mzee, na walio wengi wana familia inayojaribu kutimiza upande wake.

Miadi ya Mama ya mwezi ujao imeandikwa Jumatano. Amekwisha kuhesabu: ni mwezi 15, mwezi mpevu. Nimekwenda kuomba isogezwe wiki moja, maji yawe mafu, yasiyopwa sana, na karani ameniuliza maji yanahusiana vipi na presha.