Kwa Nini Mkojo wa Mchana?

SWALI: Watafiti wa kichocho walifika shuleni kwa mwanangu hapa Pemba. Nilipeleka mkojo wake wa alfajiri, wakaukataa. Una kasoro gani? (Mama, Wete)

JIBU: Mama, mkojo hauna kasoro, tatizo ni saa. Mayai ya minyoo ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Wa alfajiri unaweza kuonyesha mtoto mzima, kumbe anaumwa, na hilo ndilo tunalolihofia zaidi.

Mpimaji hutikisa kikopo kwanza, maana mayai huzama chini. Huvuta mililita 10 kwa bomba la sindano, akazisukuma kwenye kichujio chenye vitundu vya mikroni 12 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja). Yai, lenye urefu wa takriban mikroni 150, hunaswa hapo. Kwenye hadubini utaliona kama punje ndefu yenye kimwiba kwenye ncha moja. Yakifika 50, maambukizi ni makali.

Kikopo kiwe kikavu, tafadhali, na kisiachwe juani. Mkojo ukiingia maji mayai huanguliwa, na hesabu huharibika.