Muulize Shangazi: Tupo kwenye talaka, kanialika tukale Valentine

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka saba, nakaa Tabata. Mume wangu alihama nyumbani mwezi wa tisa, tumeshaitwa Baraza la Kata mara mbili tukashindwana, sasa nasubiri hati nikafungue kesi ya talaka. Kinachonisumbua ni hii Valentine. Ofisini Ijumaa watu wanavaa nyekundu na kuna keki, na mwaka jana yeye ndo alileta maua mpaka mapokezi watu wakapiga vigelegele, na hawajui kama tumeachana. Shuleni nako mwalimu kasema watoto watengeneze kadi ya baba na mama. Halafu juzi usiku huyu bwana kanitumia meseji eti Jumamosi twende sehemu tukale, tuyamalize ya nyumba kiutu uzima, maana nyumba kajenga yeye na mimi wakati ule nilikuwa mama wa nyumbani tu. Moyo unataka kwenda Shangazi, siwezi kukudanganya. Nifanyeje?

Mama J, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huo msosi wa Jumamosi. Usiende.

Sikukatazi kuongea na baba wa mtoto wako, ongea naye hata kila wiki, ila mtu akitaka kujadili nyumba hachagui tarehe 14 Februari saa mbili usiku kwenye meza yenye mshumaa na muziki wa taratibu. Atakushika mkono, utakumbuka harusi, ukija kushtuka umeshakubali kuachia nyumba na Jumatatu simu yako haipokei. Mjibu kifupi tu, "Jumamosi sitaweza, tukutane Jumanne saa tano asubuhi, nitakuja na kaka." Kama alikuwa na nia ya kuongea atakuja. Na usisaini karatasi yoyote mezani.

Hilo la "mama wa nyumbani tu" ndo limenipandisha presha. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kila mtu anapata kiasi gani mahakama ndo inapima, lakini asikwambie huna chako. Na hiyo hati ya Baraza ukishaipata ujue ina miezi sita, kesi inatakiwa ifunguliwe ndani ya muda huo, sasa mtu anaweza kukulisha kuku na matumaini mpaka miezi ikaisha ukarudi tena Barazani. (Wasomaji wangu mlio kwenye eda ya talaka rejea, jibu hili sio lenu, nyie mume anaweza kuwarejea bila ndoa mpya, kamuulizeni shehe.)

Ofisini sasa. Mimi Valentine yangu ya kwanza baada ya kuachwa nilijikaza kutwa nzima, nikacheka na kila mtu, nikala keki, jioni nikapanda daladala ya Gongo la Mboto imejaa mpaka mlangoni na mkaka mmoja kasimama juu yangu kashika waridi limefungwa nailoni, kila konda akiongeza abiria lile ua linanigonga shavuni. Nikaanza kulia. Konda akauliza, mama vipi, umeibiwa? Nikasema ndiyo, simu. Gari zima likaanza kukaguana, kuna kijana mpaka kavuliwa begi, mara simu ikaita ndani ya pochi yangu. Nilishukia kituo ambacho sio changu.

Kwa hiyo mtafute mtu mmoja hapo ofisini, mmoja tu asiye na mdomo, umwambie kabla ya Ijumaa, ili wakikuuliza "shemeji kaleta nini mwaka huu" awepo wa kubadilisha mada. Nyekundu ukitaka vaa, hutaki acha, ni nguo. Status zake zinyamazishe kuanzia Alhamisi, maana ukifungua anaona jina lako, na wewe usijinunulie maua ukayapost ili aumie, atajua tu umejinunulia.

Jumamosi yenyewe usikae peke yako kuanzia jioni mpaka saa nne, huo ndo muda mbaya. Nenda kwa mama, kasuke, pikeni pilau na dada zako. Jumatano tarehe 18 ni Majivu, Ramadhani nayo ipo mlangoni, hayo mapulizo mekundu yote yatakuwa yameshashushwa.

Kadi ya mtoto isikutie unyonge. Atengeneze mbili, yako na ya baba yake, na ya baba ampe mwenyewe siku wakionana, wewe usigeuke mpeleka barua. Akiuliza kama baba atakuja kula keki Jumamosi mwambie hapana, baba anakaa kwingine sasa, mtaonana siku fulani, na hiyo siku uwe umeshaihakikisha kwa baba yake kabla hujaitaja.