Kuwa mwendesha mashtaka wilayani: kazi yenyewe iko kwenye jalada

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyemaliza Shule ya Sheria ya Tanzania aombe nafasi ya Wakili wa Serikali upande wa mashtaka, akijua fika atapangiwa wilayani, au abaki mjini kwenye ofisi binafsi ya uwakili. Waliotangulia kukujibu wamekwambia ni kazi ya kufunga watu, na kwamba utashinda mahakamani unabishana na mawakili mpaka jasho likutoke. Kazi hii nimeifanya kwenye zaidi ya wilaya moja, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokijua.

Kubishana kupo, ila ni sehemu ndogo. Muda mwingi utakuwa umeinamia majalada. Jalada linaletwa kutoka polisi, unasoma maelezo ya mlalamikaji, ya mashahidi, maelezo ya onyo ya mtuhumiwa (yale anayoyatoa polisi baada ya kuonywa), hati ya ukamataji mali, ramani ya eneo la tukio. Kisha unaamua: liende mahakamani, lirudi kwa mpelelezi na maelekezo, au lifungwe. Wanafunzi wa sheria wanaota hotuba za majumuisho, lakini uamuzi huo wa mezani, ambao hakuna anayeupigia makofi, ndio unaobeba maisha ya watu.

Chukua kijana anayedaiwa kumpora mtu simu usiku. Mlalamikaji ameandikisha kwamba jamaa "alikuwa na kitu kama kisu". Ukiandika wizi, kijana anaweza kudhaminiwa jioni hiyo hiyo. Ukiandika unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hakuna, na akitiwa hatiani kifungo hakipungui miaka 30. Yote hayo umeyaamua wewe kabla hakimu hajamtia machoni. Kwa hiyo unamwita mpelelezi: hicho kisu kilipatikana? Nani mwingine alikiona? Mtuhumiwa alikielekeza kwa nani? Hati ya mashtaka isiposema tishio lilielekezwa kwa nani, hata ukishinda leo, wakili wa utetezi atakuja nalo kwenye rufaa.

Halafu kuna suala la utambuzi. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikitahadharisha kuhusu ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, hasa usiku. Maelezo yakisema tu "nilimtambua kwa msaada wa mwanga", hiyo ni hewa. Mwanga wa nini, wa taa au wa mwezi? Ulikuwa mkali kiasi gani, ukitokea upande upi? Walikuwa umbali gani, na kwa muda gani? Walifahamiana kabla? Alimtaja mtuhumiwa kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye, au alimkumbuka baada ya wiki? Jalada lisilo na majibu hayo linarudi. Mpelelezi atanuna, na atakuwa na sababu zake, maana anazo kesi nyingi na gari halina mafuta. Rudisha tu.

Usishangae mashahidi wazee wakikuita "afande". Kwa miaka mingi mahakama za chini ziliendeshewa mashtaka na polisi, yaani wale wale waliokamata na kupeleleza. Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya 2008 ndiyo iliyoweka msingi wa kutenganisha upelelezi na mashtaka, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikaundwa kuwa ofisi inayojitegemea. Mwananchi wa kawaida hana habari na hayo. Kwake wewe ni serikali, na serikali iliyomkamata jirani yake ndiyo hiyo hiyo imekaa naye kwenye benchi ikimwuliza kama amekula.

Sasa vielelezo, maana hapa kesi nyingi nzuri zinafia mikononi mwetu. Daktari anaitwa, anaitambua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) aliyoijaza, unaomba ipokelewe, utetezi hawana pingamizi, hakimu anaipokea na kuipa namba. Mtu mwenye haraka anaendelea na swali linalofuata. Hapana. Kielelezo cha maandishi kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti mahakamani, mshtakiwa asikie kilichomo, na msimamo huo ulishawekwa katika shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake mwaka 2003. Kisiposomwa, Mahakama ya Rufani itakiondoa kwenye kumbukumbu kama hakikuwahi kuwepo. Kama daktari alieleza vizuri kwa mdomo alichokiona, bado una kitu cha kushika. Kama alisema tu "yote yamo kwenye fomu", umekwisha. Ndiyo maana mimi daktari namwongoza aeleze kwa maneno yake kila alichokiona, fomu iwe ya kuongezea.

Ni hivyo hivyo kwa dawa za kulevya na nyara za serikali, kama meno ya tembo: nani alikamata, alimkabidhi nani, kilitunzwa wapi, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu, nani alikirudisha. Hukumu ya Paulo Maduka, inayohusu mnyororo huo wa makabidhiano, inasomwa mpaka karatasi zinachanika. Soma na maamuzi yaliyofuata, maana kwa vitu visivyobadilika kirahisi mahakama imelegeza kidogo.

Kesi za watoto ndizo zitakazokukosesha usingizi. Katika kosa la kubaka mtoto, umri ni sehemu ya kosa lenyewe, lazima uthibitishwe, na utashangaa kesi ngapi zinaanguka kwa sababu hakuna shahidi aliyeutaja. Mama anapanda kizimbani, anaeleza kila kitu kwa machozi, anashuka, na hakuna aliyemuuliza mtoto alizaliwa lini. Umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka si ushahidi. Na mtoto mdogo, kabla ya kusema lolote bila kiapo, aahidi kusema ukweli na si uongo, na ahadi hiyo iandikwe. Simama palepale uhakikishe imeandikwa. Jambo la kutia moyo ni kwamba tangu shauri la Selemani Makumba mwaka 2006 inajulikana ushahidi bora wa makosa haya ni wa mwathirika mwenyewe. Mtoto akieleweka na kuaminika, kesi inasimama hata bila fomu ya daktari.

Lakini kwanza mtoto afike mahakamani. Familia zinamalizana. Kuna mama alinifuata koridoni asubuhi ya kusikilizwa, akanishika mkono: "Mwanangu, sisi tumeshakaa na wazee, wametulipa, tufute tu." Nikamwambia, mama, shikamoo, hii kesi si ya kwako wala si ya kwangu, ni ya Jamhuri, na aliyeumizwa ni mwanao. Akanitazama kama mtu asiye na utu. Makosa madogo ya mtu na mtu sheria yenyewe inaruhusu yasuluhishwe, ila kubaka mtoto si miongoni mwake. Alipanda kizimbani akasema hakumbuki kitu. Hapo unaomba mahakama ikuruhusu umhoji shahidi wako mwenyewe kana kwamba ameitwa na upande wa pili, kitu ambacho chuoni kinafundishwa kwa dakika tano. Siku hizi kesi za namna hii naomba mtoto asikilizwe mapema kabisa, kabla wazee hawajakaa.

Uliuliza kuhusu shinikizo. Lipo, na mara nyingi halitoki juu kama watu wanavyodhani. Linatoka kwa mtaa mzima uliokwisha kumhukumu mtu, na kwa mkubwa fulani wa wilaya anayetaka "aonje mahabusu kidogo". Kinga yako ni maandishi. Ibara ya 59B ya Katiba, iliyoingizwa 2005, inasema Mkurugenzi wa Mashtaka hataingiliwa, na anapotumia mamlaka yake azingatie kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Wewe unafanya kazi kwa niaba yake. Ukifunga jalada, andika sababu ndefu na uzipeleke kwa kiongozi wako. Maneno ya simu usiyajibu kwa simu.

Marekebisho ya 2022 nayo yamesaidia: isipokuwa kwa makosa makubwa, shauri lisifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika. Wale watu wa kuja kutajiwa kesi kila baada ya wiki mbili wakisikia "upelelezi haujakamilika" wamepungua. Na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama tangu 2021 kumepunguza mchezo wa shahidi kusema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na maana ikapotea katikati.

Kuhusu kipato, ukiwa mtumishi huruhusiwi kushika kesi za watu binafsi, kwa hiyo piga hesabu na mshahara peke yake. Mwenzako aliyebaki mjini anaweza kukuzidi, au akalala njaa miaka miwili akisubiri mteja. Ukitaka kuhama baadaye, ofisi za uwakili zinawapokea watu wa mashtaka, maana mtu aliyeandika hati nyingi anaona tundu kwenye hati ya mwenzake kabla hajamaliza kuisoma.

Ukiripoti, usije na namba za vifungu ulizokariri chuoni. Toleo la sheria lililorekebishwa la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limehamisha namba kwenye sheria kadhaa, na hati yenye kifungu cha zamani utetezi wanaishangilia. Nunua nakala yako, na kwa muda weka ya zamani pembeni, maana maamuzi mengi utakayosoma yanataja namba za zamani.