TPM kwenye laptopu za kazini
Mkuu, umeuliza kama uruke sharti la TPM 2.0 (ile chipu ya usalama ndani ya kompyuta) ili laptopu za ofisi za zamani zipokee Windows 11. Kuruka inawezekana, ila kwa watu wanaofanya kazi leo nyumbani kesho ofisini mi nisingethubutu. Ile chipu ndo inatunza funguo ya BitLocker (kile kifungio cha Windows kinachofanya diski isisomeke bila funguo) na haiiachii mpaka ihakikishe mashine imewaka bila kuchezewa, kwa hiyo mwizi akichomoa diski akaichomeka kwenye kompyuta nyingine anadaiwa namba ya dharura ya tarakimu 48, atazitoa wapi? Afu ongeza na PIN ya kuwashia, maana kuna wajuzi huwa wanaidaka hiyo funguo ikipita kwenye mazabodi. Ila kwanza ingia BIOS (ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), mara nyingi chipu ipo, imezimwa tu.