Mbwa mwongozaji hasomi taa za barabarani
Je, mbwa anayemwongoza asiyeona hujua wakati wa kuvuka barabara kwa kutazama taa? Hapana, hamvushi kwa kutazama taa. Macho yake hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Anayeamua ni mtu mwenyewe: anasikiliza magari, kisha anatoa amri ya kwenda. Kazi ya mbwa ni kukwepa vizuizi, kusimama ukingoni mwa barabara, na kukataa amri ile kama gari linakuja. Huko kukataa ndiko kugumu kufundisha, na ni sababu mojawapo ya mafunzo kuchukua muda mrefu: mtoto wa mbwa hulelewa nyumbani kwa mtu mwaka mmoja au zaidi, ndipo aingie kwa mkufunzi kwa miezi kadhaa. Wengi hawafuzu.

Hata hivyo, pale Wandegeya, jijini Kampala, taa zenyewe hazitoshi, kwa sababu bodaboda hupita hata taa zikiwa nyekundu. Asiyeona akisimama hapo, tafadhali muulize kwanza kama anataka msaada, usimvute mkono.

Na mbwa wa mradi ulioko Gulu, kaskazini mwa Uganda, si waongozaji. Wao hufunzwa kuwafariji watu walioumizwa na vita, kazi tofauti kabisa.